Nukta ya Miritini

Baba alitaka kile cha bei ya chini,
kisichosema, kinachosikiliza tu:
kijisanduku kama kiberiti.
Ukikichomeka kwenye tableti kinakwambia
nani yuko juu yako, nani ubavuni, nani anashuka.
"Elfu thelathini na moja," akasema,
"na chenji ya mishikaki inabaki."

Nikamwambia, Baba, huyo ni mdukuzi, si msafiri.
Anawaona wote, yeye haonwi.
Akanijibu ndivyo alivyoishi miaka thelathini
ndani ya majokofu ya meli pale Kilindini,
akifungua gesi, akifunga gesi,
na meli ziking'oa nanga
pasipo hata moja kujua jina lake.

Sikuwa na jibu la papo kwa papo.
Nilikuwa na solda mkononi, inafuka.

Miaka sita tumeiunda katika godauni la kupanga,
mbavu za mbao, ngozi ya kitambaa na gundi,
viti viwili, kimoja kimetoka kwenye Peugeot.
Mama aliipa jina: Deni.
Ubavuni imeandikwa herufi za serikali,
Deni ni jina la jikoni.

Usiku tukatandaza karatasi juu ya makombo ya mkate wa sinia.
Hiki gramu ngapi, kile kinakula umeme kiasi gani,
hiki mamlaka wanakikubali,
kile kinauzwa na mtu wa Kisauni asiyetoa risiti.
Kinachosikia na kusema: mara tano ya bei.
"Mara tano," Baba akarudia,
kama mtu anayehesabu meno yake kwa ulimi.

"Sikio lako la kulia," nikasema mwishowe,
nikajuta kabla neno halijatua.
Kompresa zimelila, Baba, sote twajua.
Mnara utakuita, nawe utaitika mwito wa pili,
au wa tatu.
Basi kiwepo kitu cha kuitika badala yako,
kila sekunde, bila kuchoka, bila kuona haya:
niko hapa, futi elfu mbili, naelekea Shimba.

Akaipuliza chai iliyokwisha kupoa.
Kesho yake akauza pikipiki.

Antena tuliiweka tumboni, mbali na ekzosi.
Lakini antena juu ya mbao ni mche usio na udongo,
sharti uipe ardhi yake.
Baba akakata bati la alumini
kutoka mlango wa friji iliyokufa,
akalipiga msasa mpaka likamwonyesha uso.
Mimi nikaunguza waya wa kwanza.
Wa pili ukanguruma kila taa ya bawa ilipomulika;
tukauhamisha mkono mmoja, ukanyamaza.
Siku tatu kwa mkono mmoja!

Jumamosi, saa nne, milango wazi, tukawasha.
Skrini ikafumbua macho polepole:
ile ya Nairobi inashuka juu ya Mazeras,
kidogo cha watalii kinakwenda Ukunda,
ya mizigo, nzito, inageuka baharini.
Juu ya paa letu kunguru wasiopungua mia
wakigombea utumbo wa samaki,
na hakuna hata mmoja aliyeandikwa.
Kisha, katikati, nukta.
Mwendo sifuri. Kimo, kama sifuri.
Herufi zetu.

Hatukusema kitu. Mama alikuja na ufagio, akasimama.

Simu ikalia, ile namba tuliyoijaza kwenye fomu.
Sauti ya mwanamke, mkavu, wa mnarani:
"Samahani, nani mwenye ndege iliyo ndani ya nyumba
huko Miritini?"

Baba akaihamishia simu sikio la kushoto.
"Mimi," akasema.
Akakohoa.
"Mselem. Mselem bin Athmani bin Lali,"
akaendelea hadi kwa babu wa babu,
taratibu, herufi kwa herufi,
na mwanamke yule, Mungu ambariki,
hakumkatiza.